Mkono uulize kabla ya kukanda

Katika tiba ya michezo, uchunguzi wa mwili, yaani kazi ya kusikiliza maelezo ya majeruhi, kumtazama, kumpapasa na kuvijaribu viungo vyake kwa mpangilio unaojulikana, ndio kipimo cha kwanza kila mahali duniani; na mjini Bujumbura, ambako gharama ya picha ya eksirei ni mzigo kwa familia nyingi na mtambo wa picha za sumaku haukutwi katika kila hospitali, kipimo hicho mara nyingi huwa cha mwisho pia, kwa kuwa uamuzi wa kumrudisha mchezaji uwanjani, kumpumzisha au kumpeleka hospitali hutokana nacho peke yake. Mji huu ulioko kando ya Ziwa Tanganyika unapenda michezo. Uwanja wa Intwari, uliojulikana zamani kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, umeishuhudia Vital'O, klabu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992. Mpira wa kikapu una wafuasi wake tangu zamani. Na asubuhi za mwisho wa juma makundi ya wakimbiaji hupita barabarani kwa nyimbo na makofi. Panapochezwa kiasi hicho, pana vifundo vinavyoteguka, magoti yanayovimba na vichwa vinavyogongana, na mtu wa kwanza kuwafikia walioumia huwa kocha, mchezaji mwenzao au mzee wa mtaa, ambaye mikono yake huanza kazi papo hapo.

Kazi yenyewe, katika hali nyingi, ni kukanda. Maji ya moto huletwa, mafuta au dawa ya kuchua hupakwa, kiungo huvutwa na kuzungushwa mpaka "kirudi mahali pake", na majeruhi husifiwa kwa kuvumilia. Nia ni njema na mila ni ya kale, lakini utaratibu umepinduliwa. Katika saa 48 za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyopasuka huwa bado inavuja, na joto pamoja na msuguano huiongezea mtiririko, hivyo uvimbe hukua. Mfupa wenye ufa, ukivutwa, unaweza kuachana na kupoteza mkao uliokuwa salama. Na baya zaidi, maumivu na uvimbe unaozalishwa na kukanda huziba dalili ambazo zingemwonyesha tabibu ni sehemu gani iliyoumia. Mkono wa kwanza kumfikia mchezaji unapaswa kuwa mkono unaouliza, nao mkono unaotibu uje baada ya jibu kupatikana.

Lugha nayo imechangia katika mkanganyiko huu. Neno kuteguka, ambalo mtaani Buyenzi au Bwiza hutumika kwa kila kifundo kilichopinda, linabeba mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: kunyooka kupita kiasi au kuchanika kwa ligamenti, yaani mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa, jambo ambalo wazungumzaji wa Kifaransa huliita entorse, na kuhama kwa mfupa kutoka katika kiungo chake, ambalo kwao ni luxation. La kwanza halihitaji kuvutwa hata kidogo, kwa sababu hakuna kilichohama. La pili huhitaji kurudishwa, lakini na mtu aliyefunzwa, baada ya mishipa ya damu na ya fahamu kukaguliwa. Neno moja linapowakilisha yote mawili, tiba moja hutolewa kwa yote mawili. Ni kweli kwamba waunga mifupa wa kienyeji wana ujuzi ambao haufai kudharauliwa, na wapo wanaojua kwa kugusa tu kwamba mfupa umevunjika. Hata hivyo, gango lililokazwa mno juu ya mguu unaoendelea kuvimba huweza kuzuia damu hadi mguu ukafa, na madhara hayo yameandikwa katika hospitali za nchi nyingi za Afrika.

Uchunguzi ulio kamili huanza kabla mkono haujagusa kitu. Mchezaji huulizwa aliumia namna gani: je, aligongwa, au alikuwa peke yake akigeuka? Mguu ulikuwa umekanyaga chini au ulikuwa hewani? Alisikia mlio? Aliweza kuendelea kucheza? Uvimbe ulitokea baada ya muda gani? Swali hilo la mwisho ni dogo kwa sura tu. Goti linalovimba na kujaa ndani ya saa moja au mbili, kwa kawaida, limejaa damu, na tafiti za upasuaji zilizofanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kwamba takriban magoti 7 kati ya 10 ya namna hiyo yana mchaniko wa ligamenti ya msalaba ya mbele. Goti linaloamka limevimba kesho yake, kwa upande mwingine, mara nyingi limejaa ute wa kiungo, na shaka huelekea kwenye gegedo. Mama anayekumbuka kwamba mwanawe alirudi nyumbani goti likiwa la kawaida, kisha likavimba usiku, anampa tabibu habari yenye thamani kubwa.

Baada ya maswali hufuata mpangilio ambao daktari wa mifupa wa Uingereza, Alan Apley, aliufundisha kwa vizazi vya wanafunzi kwa maneno matatu: tazama, papasa, sogeza. Kutazama ni kulinganisha upande ulioumia na upande mzima, ngozi, mkao, uvimbe na misuli, na kwa hiyo nguo hupandishwa kiasi cha kutosha pande zote mbili; kwa mchezaji wa kike jambo hilo hufanywa kwa ruhusa yake, mbele ya mwanamke mwenzake, na sehemu isiyohusika ikiwa imefunikwa, kwa kuwa mchezaji anayeona haya hukaza misuli, na msuli uliokazwa huficha ukweli. Kupapasa huanzia mbali na panapouma na kukaribia polepole. Kusogeza kuna hatua tatu: kwanza mchezaji husogeza kiungo mwenyewe, kisha mchunguzi humsogezea akiwa amelegea, mwishoni mchezaji husukuma dhidi ya mkono wa mchunguzi. Kinachouma katika hatua ya tatu, hali hakikuuma katika ya pili, kwa kawaida ni msuli au kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Majaribio yenye majina ya watu, ambayo wanafunzi huyapenda mno, huja baada ya hayo yote.

Kifundo cha mguu ndicho kinachostahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndicho kinachoumia mara nyingi na ndicho kinachokandwa mara nyingi. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni ambayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya kidole na hatua nne. Mchunguzi anayeifuata hukamata kisigino cha mchezaji kwa mkono mmoja ili mguu utulie, kisha kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili hubonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje ya kifundo, ambayo ni mwisho wa fibula, mfupa mwembamba wa nje wa mguu, akianzia sentimita 6 juu, yaani takriban upana wa vidole vitatu au vinne, na kushuka kidogo kidogo hadi kwenye ncha. Hufanya vivyo hivyo kwenye nundu ya ndani. Halafu hushuka kwenye wayo na kubonyeza sehemu mbili tu: shina la mfupa mrefu unaoelekea kidole kidogo, ambalo huhisika kama kijinundu katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa wa navikula, ulio mbele kidogo ya nundu ya ndani. Mwisho humwomba mchezaji atembee hatua nne, mbili kwa kila mguu, na kuchechemea kunaruhusiwa.

Ikiwa hakuna mfupa uliouma katika sehemu hizo, na ikiwa mchezaji aliweza kutembea hatua nne mara alipoumia au anaweza kutembea hatua hizo wakati wa kuchunguzwa, uwezekano wa mvunjiko wa maana ni mdogo mno, na picha ya eksirei haina kazi. Uzito wa kanuni hii uko katika unyeti wake, yaani uwezo wa kipimo kumnasa kila mwenye tatizo bila kumpitisha: tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja baadaye ziliukuta unyeti huo ukikaribia asilimia 100, na hospitali zilizoitumia zilipunguza picha za eksirei kwa asilimia 30 hadi 40. Umahususi wake, yaani uwezo wa kumwachia asiye na tatizo, ni wa wastani, hivyo wengi watakaoumia wanapobonyezwa watapigwa picha na kukutwa wazima. Hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mvunjiko uliopitwa. Kwa familia inayopima kati ya nauli ya kwenda Hospitali ya Prince Régent Charles, ada ya picha na chakula cha siku mbili, kanuni inayosema kwa uhakika "huyu hahitaji picha" ni huduma ya afya kamili.

Kinachobonyezwa, ieleweke, ni mfupa. Ligamenti iliyochanika huuma mbele na chini ya nundu ya nje, kwenye bonde laini, ilhali ukingo wa nyuma wa mfupa wenyewe hauumi. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni sentimita moja au mbili, na kidole kisichojua kinakokwenda hakitaipata. Pia kanuni hii ilitengenezwa kwa watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, walio na akili timamu wakati huo na wenye hisia kamili miguuni. Kwa mtoto anayecheza pekupeku katika kiwanja cha vumbi tahadhari huongezeka, kwa sababu kwenye mifupa yake kuna tabaka la ukuaji lililo laini kuliko ligamenti zake, na pale ambapo mtu mzima angechanika ligamenti, mfupa wa mtoto unaweza kuachana kwenye tabaka hilo. Ikiwa mvunjiko umeondolewa shaka, swali linalobaki, yaani kama ligamenti imenyooka tu au imekatika kabisa, linaweza kungoja. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 1996 kwamba kifundo kinachochunguzwa siku ya 5 hivi, uvimbe ukiwa umepungua, hutoa jibu la kuaminika zaidi, kwa unyeti wa asilimia 96, kuliko kikichunguzwa siku ile ile. Tafsiri yake kwa mtaa ni nyepesi: pumziko, kitambaa cha kubana kwa kiasi, barafu au maji baridi, mguu kuinuliwa, kisha arudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayejulikana mjini kwa jina la kine, baada ya siku tano.

Goti ni suala jingine, na hapo ujuzi wa mikono huonekana kwa uwazi zaidi. Mchezaji wa mpira wa kikapu anaporuka, kushuka kwa mguu mmoja na kugeuka ghafla, goti likalegea kwa ndani na mlio ukasikika, mchunguzi anaelekea kwenye ligamenti ya msalaba ya mbele, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Jaribio la zamani lilikuwa kulikunja goti digrii 90, mchunguzi akakalia wayo na kuuvuta muundi kama anayevuta droo. Tatizo ni kwamba katika goti lililoumia leo, misuli ya nyuma ya paja hukaza kwa maumivu na kuurudisha muundi nyuma kwa nguvu kuliko mikono inavyouvuta mbele, na mkunjo wa digrii 90 wenyewe haukubaliki katika goti lililojaa damu. Mwaka 1976 Joseph Torg wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alieleza jaribio alilofundishwa na mwalimu wake John Lachman, na akalipa jina la mwalimu huyo.

Katika jaribio la Lachman mchezaji hulala chali, goti likikunjwa digrii 20 hadi 30 tu, kiasi cha kupitisha ngumi chini yake. Mkono mmoja hushika paja juu kidogo ya pia ya goti na kulituliza. Mwingine hushika muundi, kidole gumba kikiwa mbele na vidole vingine nyuma kwenye shavu la mguu, kisha huuvuta mbele kwa mkupuo mfupi. Yanayopimwa ni mawili: umbali wa mteremko ukilinganishwa na goti zima, na namna unavyokoma. Ligamenti nzima hukomesha mteremko ghafla, kama kamba inayokazika. Iliyokatika huuacha uishe polepole bila kituo. Mkono uliofanya hivyo mara mia huitambua tofauti hiyo hata macho yakiwa yamefumbwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 uliipa njia hii unyeti wa asilimia 85 na umahususi wa asilimia 94, viwango ambavyo vipimo vingi vya gharama vingeona fahari navyo. Mchunguzi mwenye mikono midogo anayekabiliwa na paja kubwa huweka goti lake mwenyewe chini ya paja la mchezaji, na kazi ikawa nyepesi. Ni lazima kwanza atazame magoti yote mawili kutoka ubavuni yakiwa yamekunjwa, kwani muundi ulioanguka nyuma kwa kukatika kwa ligamenti ya msalaba ya nyuma, unapovutwa, hurudi tu mahali pake na kumdanganya asiyejua.

Kuhusu meniski, yaani vile vipande viwili vya gegedo vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyokaa kati ya mifupa ya goti, jaribio la McMurray, daktari wa Liverpool, la kukunja goti kabisa na kulinyoosha huku mguu ukizungushwa, linajulikana kuliko linavyostahili, kwani michaniko mingi hulipita. Maumivu yanayopatikana kwa kubonyeza mstari wa kiungo, yakiunganishwa na historia ya goti linalokwama, husaidia zaidi.

Kano ya kisigino ina jaribio ambalo kila kocha anaweza kulijua kabla ya mwisho wa wiki hii. Mchezaji aliyekatika kano hiyo husimulia kwamba alihisi amepigwa teke kwa nyuma, akageuka, wala hakumwona mtu. Hulazwa kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda au benchi, na shavu la mguu huminywa: kano ikiwa nzima wayo huelekea chini, ikiwa imekatika wayo haujongei. Njia hiyo ilielezwa na Simmonds wa Uingereza mwaka 1957 na Thompson wa Marekani mwaka 1962. Bila kuminya, wengi hukosea, kwa sababu misuli mingine midogo humwezesha mchezaji kuusukuma wayo chini mwenyewe na kuonekana mzima.

Yapo majeraha yasiyo na siku ya kutokea. Francine Niyonsaba, mwanariadha wa Burundi aliyepata medali ya fedha ya mita 800 mjini Rio mwaka 2016 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 2000, dakika 5 na sekunde 21.56, mjini Zagreb Septemba 2021, alikosa mashindano ya dunia ya mwaka 2022 kwa sababu ya mvunjiko wa uchovu mguuni, yaani ufa unaotokana na mkazo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara kuliko mfupa unavyoweza kujikarabati. Katika wiki za mwanzo picha ya eksirei ya mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi huwa safi kabisa, hivyo kidole huitangulia mashine: maumivu yaliyo kwenye nukta moja ya mfupa, inayoweza kufunikwa na ncha ya kidole, huzua shaka ya ufa, ilhali maumivu yaliyotandaa kwenye ukingo wa muundi huelekeza kwenye uchovu wa tishu zinazoufunika mfupa. Mkimbiaji anayeweza kuionyesha sehemu inayouma kwa kidole kimoja asiambiwe aendelee kukimbia kwa kuwa "picha haikuonyesha kitu".

Kichwa hakina subira hiyo. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa eksirei, na mara nyingi mchezaji hakuzimia, hivyo kipimo ni mazungumzo. Mwaka 1995 Mwaustralia David Maddocks na wenzake walionyesha kwamba kumuuliza mchezaji jina lake au tarehe ya leo hakufai sana, kwa kuwa hata aliyetikiswa huyakumbuka. Maswali yanayofaa ni ya mambo ya karibuni: tuko uwanja gani, ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani alifunga bao la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Bujumbura maswali hayo huulizwa kwa Kirundi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, na hapo pana hatari ndogo isiyozungumzwa: mchezaji aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiulizwa kwa Kirundi asichokimudu anaweza kuonekana amechanganyikiwa hali yu mzima, na aliyechanganyikiwa kweli akasamehewa kwa kudhaniwa hajui lugha. Aulizwe kwa lugha anayoiota. Na anayeyajibu yote sawasawa bado hajathibitishwa kuwa salama, kwa sababu miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023, baada ya mkutano wa Amsterdam wa mwaka uliotangulia, inasisitiza kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko huondolewa na harudi uwanjani siku hiyo. Shingo inayouma, kutapika, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, au usingizi unaozidi, ni safari ya hospitali papo hapo, kwa tahadhari ya shingo.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji umeme. Kinachohitajika ni mafunzo, na mji una mahali pa kuyapata: Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge inafundisha madaktari, na Chuo Kikuu cha Burundi kina taasisi ya elimu ya viungo na michezo inayoandaa walimu ambao baadaye ndio wanaosimama pembeni mwa viwanja vya shule. Kocha hatarajiwi kujua jaribio la Lachman, ambalo hudai mikono iliyozoea na likifanywa vibaya humtesa mtu bure. Lakini sehemu nne za kubonyeza, hatua nne za kutembea, kuminya shavu la mguu na maswali matano ya kichwa vinaweza kufundishwa asubuhi moja, majeruhi wa kuigiza akiwa mwanafunzi mwenzao. Viongozi wa klabu na wakuu wa shule wanaombwa waitenge asubuhi hiyo kabla ya msimu kuanza, na mzazi anayeletewa mtoto mwenye kifundo kilichovimba anaombwa aliweke kando sufuria la maji ya moto na kumwambia mtoto, kwa ile tahadhari ya ziada, atembee hatua nne kwanza.